Marekebisho Arobaini na Moja

Fundi wetu wa programu hapa ofisini Tabora ana vidole vyepesi. Anachapa bila kutazama kibodi, huku anamumunya ubuyu, na kila akihifadhi badiliko, pale pa kueleza amebadilisha nini na kwa nini, anaandika neno moja tu: "marekebisho". Jana marekebisho, leo marekebisho. Marekebisho ya nini, jamani? Ukimuuliza, anajibu kwa upole unaoniudhi zaidi: "Dada Apolinaria, si mimi mwenyewe najua?"

Jumatatu mfumo wetu wa ujumbe wa simu ukawatumia wafugaji wa Ziba tarehe ya chanjo ya ng'ombe isiyo sahihi. Mzee Ngollo akaswaga ng'ombe tisini tangu alfajiri mpaka joshoni, asikute mtu. Akanipigia simu. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia. Tukafungua orodha ya mabadiliko ya fundi kutafuta lililoharibu tarehe, tukakuta marekebisho arobaini na moja. Fundi akaikodolea macho, hajui ni lipi. Nikasogeza chaja yake nipate pa kuweka daftari, nikaona karatasi aliyoibandika mwenyewe, kwa mwandiko safi: "Chaja ya fundi. Waya umebadilishwa tarehe 3 Machi kwa sababu wa zamani ulikuwa unapata moto. Usiguse."