Mwanamume Aliyelala Kivulini Kwetu

Baba yangu hakumtaja simba kwa jina hata siku moja akiwa karibu na ng'ombe. Alimwita ninkii, yaani yule mwanamume. "Ninkii amepita," alikuwa akisema asubuhi akiinamia nyayo, na sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia akimzungumzia kaka yake mkubwa. Chui aliitwa chui, duma aliitwa duma, na fisi alitukanwa na kila mwenye mdomo. Simba peke yake ndiye aliyepewa heshima ya kutotajwa, nasi watoto tulikua hivyo wala hatukuona ajabu. Ukiniuliza leo kama ilikuwa imani au adabu, nitakuambia ilikuwa adabu.

Nasema haya mapema kwa sababu neno hilo moja ndilo lililomfunga baba, na aliyelifikisha kwa askari ni mimi.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi wa msituni. Wazee wa kwetu huziita zama hizo daba, yaani kusimamishwa, na sijasikia jina linalofaa zaidi. Tulikuwa upande wa Sangailu, na amri ilikuwa kwamba hakuna kuhamisha mifugo mbali na silanga, bwawa letu la kunyweshea, bila ruhusa ya kambi. Ng'ombe walimaliza majani yote ya karibu. Swala na pundamilia wakahama, maana wao hawakuwa na wa kumwomba ruhusa, na simba akabaki bila chakula isipokuwa sisi. Ndipo akaanza kuja mchana.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka tu Garissa, ambako nilikuwa nimekaa miaka kadhaa kwa mama mdogo aliyeuza chai na maziwa sokoni. Huko nilijifunza Kiswahili kwa watu wa mto na watu wa bara, na nilikionea fahari kupita kiasi. Pale malishoni hakuna aliyekijua zaidi ya salamu. Kwa hiyo asubuhi ile gari la askari liliposimama mbele ya boma letu, niliitwa mimi nifasiri, nami nilikwenda nikiliweka vizuri shungi langu kama mtu aliyealikwa harusini.

Koplo alikuwa amesikia kwamba jana yake watu walionekana wakikimbia kutoka bomani kwetu. Ilikuwa kweli. Simba alikuwa ameingia saa sita mchana, akaua mtamba mmoja, akala, kisha akalala chini ya mgunga mbele ya macho ya watu wote. Mimi sikumwona, nilikuwa nimekwenda kutafuta kuni. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona nyayo zake tu, na nilikasirika sana kumkosa.

"Nani alikuja hapa jana?" koplo aliuliza.

Baba alijibu kwa utulivu. Nikafasiri neno kwa neno, sikuacha kitu.

"Anasema mwanamume alikuja saa sita mchana. Alikula, akashiba. Akalala kivulini pale mpaka alasiri, kisha akaingia msituni."

"Mnamjua?"

"Anasema nani asiyemjua? Anazunguka hapa tangu mvua zilizopita."

"Mbona hamkumfukuza?"

"Anasema yule hafukuzwi. Huondoka akitaka mwenyewe."

"Alikuwa na bunduki?"

Nilipomfikishia baba swali hilo, alicheka. Mungu amrehemu, alicheka mpaka akashika mbavu. Nami, huku nikitabasamu, nikafikisha jibu: "Anasema yule ana haja gani na bunduki?"

Koplo aliacha kuandika. Alipowaita wenzake ndipo nikasikia, kwa masikio yake, kila nilichokuwa nimesema. Nilipiga kelele: "Ni simba! Mwanamume ni simba!" Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Koplo aliniangalia kwa huruma kidogo, akasema, "Kumbe sasa amekuwa simba." Niliwaonyesha chini ya mgunga, ng'ombe walikuwa wamekwisha kupitishwa pale kwenda majini, hakuna unyayo uliobaki. Nikawaonyesha mifupa ya mtamba, lakini fisi na tai walikuwa wameitawanya, na mifupa ya ng'ombe wakati ule ilikuwa kila mahali. Wakamfunga baba mikono, wakampandisha garini. Hakunitazama. Sijui kama hakutaka au hakuweza, lakini hakunitazama, na jambo hilo lilinikata maini.

Mama na mimi tulikwenda kambini siku hiyo, tukafukuzwa. Tukaenda kesho yake. Siku ya tatu afande mkuu wa kambi, mtu wa maneno machache, alitoka nje na kunisikiliza mpaka mwisho. Akasema nitapewa gari, koplo na askari wawili, mpaka adhuhuri. Nikiwaonyesha huyo simba wangu, atafikiri. Nisipowaonyesha, baba atapelekwa Garissa pamoja na wengine, na mambo yake yatakuwa huko. Tulijua waliopelekwa Garissa wanarudi lini. Hawakuwa wakirudi.

Sitaficha nilichokuwa nikitaka: nilitaka simba apigwe risasi, nipande gari na kichwa chake mapajani, nikitupe miguuni kwa afande. Nilimchukia simba yule kama mtu anavyomchukia jirani aliyemponza.

Gari lilituacha mbali kidogo na silanga. Askari wawili walibaki nalo. Mama akatangulia, mimi nyuma yake, koplo nyuma yangu na bunduki yake. Mama hakuwa mtu wa kusifiwa kwa lolote pale nyumbani isipokuwa samli yake, lakini asubuhi ile nilimwona akisoma ardhi kama shehe anavyosoma msahafu, kidole kikifuata mstari. Aligusa mchanga, akanusa mavi, akavunja kijiti. Kisha akasimama, akarudisha mkono nyuma na kuniwekea kifuani.

"Yuko wapi?" koplo alinong'ona.

Hata mimi sikumwona. Ng'ambo ya silanga palikuwa na kichaka cha mswaki na majani makavu, basi. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Kisha kipande cha majani kikapunga nzi, na kipande hicho kilikuwa sikio, na chini ya sikio palikuwa na jicho, na jicho lilikuwa likitutazama tangu kitambo.

"Hiyo ni ya kike," koplo alisema, na nilisikia amevunjika moyo. "Haina nywele."

"Ni dume. Madume ya huku hayana manyoya mengi shingoni. Miiba huyanyofoa, ndivyo wanavyosema wazee."

"Dume gani bila nywele?"

Simba akainuka, na mjadala ukaishia hapo.

Nimejaribu mara nyingi kuwasimulia wanangu jinsi alivyoinuka, na kila mara naona nimepunguza. Hakuinuka kwa haraka. Miguu ya mbele kwanza, kisha mgongo, kisha akabaki amesimama, na kichaka kizima kikaonekana kidogo. Shingo yake tupu ilikuwa nene kuliko kiuno changu. Alikuwa na makovu puani na begani, na sikio moja limechanika. Tumbo lilikuwa limebana, maana hata yeye alikuwa na njaa, lakini njaa haikumpunguzia kitu. Nilikuwa nimeona watu wenye njaa mwaka ule, nami nilikuwa mmoja wao, tulikuwa tumeinama. Yeye hakuinama. Nilisahau kuogopa. Nilisema Subhanallah, na nilisema kwa sauti, jambo ambalo hakuna mwenye akili angelifanya.

Akaanza kuja. Sisi tulikuwa tumesimama kwenye njia ya kuingilia majini, ile iliyochimbwa na kwato, na yeye alikuwa na kiu. Kila alipoweka mguu, mfupa wa bega ulipanda na kushuka chini ya ngozi.

Koplo aliinua bunduki. Nilisikia chuma kikilia. Akaniuliza, mimi, msichana wa kienyeji ambaye juzi hakumsadiki: "Nipige?"

Nilikuwa na jibu tangu juzi. Jibu lilikuwa piga. Baba yangu alikuwa ndani, na kilichomtoa kilikuwa hatua ishirini mbele yetu, kinakuja chenyewe. Nilifungua mdomo, neno likagoma kutoka. Sikumhurumia simba, mtu hawezi kumhurumia yule. Niliona tu kwamba kumpiga ingekuwa aibu kubwa, na aibu hiyo ningeibeba mimi. Wakati huohuo nilijua kwamba kwa kunyamaza ninamuuza baba. Yote mawili niliyajua pamoja.

Mama hakujua Kiswahili zaidi ya maneno kumi. Alitumia mawili.

"Wacha abite," alimwambia koplo, maana apite ilimshinda ulimi, akamshika mkono wa shati, akamvuta kando kama anavyomvuta mtoto njiani ng'ombe wakipita.

Koplo akavutwa. Tulisimama ndani ya miiba, watatu tumebanana, na simba akapita. Nilisikia harufu yake, ya damu iliyokauka na ya vumbi. Nilisikia pumzi. Hakugeuza kichwa. Alishuka majini, akachutama, akanywa, na ulimi wake ulipiga maji kwa sauti ambayo ungeisikia kutoka kwenye gari. Alikunywa muda mrefu sana. Bunduki ya koplo ilikuwa imeelekea chini, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Nadhani alikuwa akisali kwa dini yake. Kisha simba akarudi kwa njia ileile, akapita tena mbele yetu, akaenda zake.

Njia nzima kurudi kambini koplo alichomoa miiba kwenye shati lake. Hofu yangu ilianza upya, na safari hii ilikuwa mbaya zaidi. Hatukuwa na kichwa, hatukuwa na ngozi. Tulikuwa na mdomo wa koplo tu, na mwanajeshi gani angependa kumwambia mkubwa wake kwamba alivutwa shati na mwanamke akaingizwa miibani?

Afande alikuwa na karatasi mkononi.

"Baba yako ametaja jina mwenyewe jana," aliniambia. "Tumemuuliza siku mbili, mwanamume huyo ni nani. Mwishowe akasema. Libaax."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. "Afande, libaax ndiyo simba. Kwa lugha yetu, libaax ni simba."

"Naambiwa pia ni jina la watu."

Alisema kweli. Kuna wanaume wengi kwetu wanaoitwa hivyo, na binamu ya baba ni mmoja wao. Afande akamgeukia koplo.

"Wewe ulikwenda. Ulichoona ni mtu au ni mnyama?"

Koplo alisimama kikakamavu. Jasho lilimtiririka, na shati lake lilikuwa limechanwa na miiba.

"Afande," alisema, "mimi nilimpisha njia."

Afande alimtazama, kisha akatazama lile shati. Hakucheka. Alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akaamuru mzee atolewe.

Baba alitoka akipepesa macho kwa jua. Mkono wake mmoja ulikuwa umevimba. Hakusema umepatwa na nini, nasi hatukuuliza. Tulitembea mpaka kambi ikapotea nyuma yetu ndipo nikapata nguvu ya kusema nilichokuwa nimekibeba siku tatu.

"Aabo, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaambia mwanamume."

"Mimi ndiye niliyesema mwanamume, aabo," alinijibu, akiniita kama baba wa kwetu wanavyowaita watoto wao, kwa jina lao wenyewe la aabo, yaani baba. "Wewe ulifikisha tu."

Kisha akauliza, "Alipita karibu?"

Nikamwonyesha jiwe lililokuwa kando ya njia. Kutoka hapa tuliposimama, nikasema, mpaka pale.

Baba alisimama. Alilitazama lile jiwe, akapima kwa macho, akalitazama tena. Miaka yote ile ya kufuata nyayo, hakuwahi kuwa karibu naye hivyo. "Mashallah," alisema taratibu, na nikaona usoni kwake kwamba mzee wangu, aliyetoka kufungiwa siku tatu kwa kosa langu, alikuwa akituonea wivu. Hapo ndipo nilipolia.