Rosaria Aliyeipeleka Mvua Korti

Mumeniomba mara tatu, na mara tatu nilisema hapana. Mikono yangu inajua kupasua samaki, kalamu haiijui, na masomo yangu yaliishia darasa la pili kwa mapadri. Lakini Agness wenu hachoki: eti vijana wanaoanza kazi wanataka kujua mutu anapataje wenzake wa kazi. Haya. Nyamazeni basi, na asiyeamini aende kuuliza kule Kabuta.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, Rosaria ana miaka kumi na saba. Baba yake alikufa kule Elisabethville, kwenye migodi, na mama yake Dorica, ambaye kifua kilikuwa kinamukohoza bila kupumzika, akamurudisha Nchelenge kwao, kando ya ziwa. Walishuka na sanduku moja, na ndani ya sanduku robe moja, gauni la maua. Kazi iliyokuwepo ni ile ile: asubuhi unanunua samaki mbichi kwa mitumbwi, unawakausha juu ya moshi, unawauzia watu wa lori. Lakini usifikiri mutu alikuja tu akanunua! Kila mutumbwi ulikuwa na wanawake wake. Kama hakuna mutumbwi unaokujua, utakufa njaa ukitazama samaki.

Rosaria akaanza kujitafutia kujulikana kwa namna baba yake aliyomufunza, yaani adabu. Kila asubuhi alipiga magoti mchangani, akapiga makofi polepole: "Mwashibukeni mukwai." Umeamkaje, muheshimiwa. Wavuvi wakamuitikia vizuri, vizuri kabisa. Fanwell, mwenye mitumbwi miwili, alivua hata kofia! Kisha akageuka, akamuita Olipa, mwanamuke wa mutumbwi wake, aliyekuwa nyuma: "Weye mwizi, mwenye miguu ya bata, leta kikapu!" Na Miguu-ya-Bata akajaziwa kikapu mpaka juu.

Majuma matatu ilikuwa vile. Aliyetukanwa alirudi na samaki, aliyeheshimiwa alirudi na salamu. Rosaria akatazama kila siku na hakuona.

Mukubwa wa wanawake pale alikuwa Felistus. Lori zikija zilisimama mbele ya uchanja wake kwanza, na alichosema yeye, mitumbwi ilisikia. Rosaria alimuogopa, na kwa kuwa alimuogopa alimusalimia kuliko wote. Siku ya tatu ya juma la nne, Felistus alikuwa amechuchumaa anaosha samaki, akainua uso.

"Weye unayepiga magoti kama uko kanisani. Mama yako nani?"

"Ni Dorica, mukwai. Binti wa mama Mubanga."

Felistus akatua kisu. Akamutazama toka kichwa mpaka vidole vya miguu. "Dorica wa Mubanga? Yule?" Akasimama, akabeba beseni yake yote, maji na magamba na matumbo ya samaki, akamumwagia Rosaria kichwani.

Yesu Maria! Robe ile ya maua! Utumbo ulining'inia kwenye sikio lake kama hereni. Na watu? Watu walicheka. Fanwell alicheka mpaka akakaa ndani ya maji. Rosaria alisimama pale kama kuku aliyenyeshewa, kisha akakimbia, lakini hakukimbia nyumbani. Alikimbia kwa chifu kushitaki, na magamba yake mwilini kama ushahidi.

Korti ilikaa mchana ule ule. Kapaso, yule askari wa chifu, akamuleta Felistus. Muzee Chanda, mukubwa wa korti, akauliza: "Mutoto, ulipigwa?"

"Nilimwagiwa matumbo ya samaki mbele ya watu, muzee!"

"Tunasikia harufu. Ukoo wako?"

Elisabethville hakuna aliyemuuliza mutu ukoo, walimuuliza kitambulisho cha kazi.

"Ukoo wa mama yako, mutoto. Hapa tunafuata mama."

Mutu mmoja mulangoni akamujibia: "Bena Bowa! Hao ni watu wa Uyoga!"

"Na weye, Felistus?"

"Bena Mfula, muzee. Mvua."

Korti ikapasuka kwa kicheko! Karani aliangusha kalamu. Kapaso, aliyekuwa mukali kama nyuki, akashika ukuta, machozi yanamutoka. "Mvua ikinyeshea uyoga," akasema muzee Chanda, "kesi iko wapi? Nenda ukaoge."

Felistus peke yake hakucheka. Alitoka.

Dorica alikuwa amelala Rosaria alipomusimulia. Aliinuka mara moja, yeye ambaye hakuinuka tangu Jumapili.

"Ulimupeleka nani korti? Sema tena."

"Felistus, mama. Alinimwagia..."

"Mutani wangu! Weye mutoto! Wao Mvua, sisi Uyoga, bila wao hatuoti. Mutani anakutukana, anakunyang'anya, na siku ukifa ndiye anayekuchimbia kaburi. Alikuita mutu wake mbele ya mitumbwi yote, weye ukamushitaki. Sasa mimi nitazikwa na nani, Rosaria? Na adabu yako?"

Rosaria hakulala vizuri. Asubuhi alishuka ziwani akisema moyoni, anipige beseni tatu, nitavumilia. Akapata kitu kibaya kuliko beseni. Felistus alipomuona, mwanamuke munene yule, alipiga magoti mchangani. Akapiga makofi polepole. "Mwashibukeni mukwai, mama Rosaria."

Hakuna aliyecheka. Na hapo Rosaria akaelewa majuma matatu yote kwa mara moja: salamu ile ilikuwa mulango unaofungwa, na fungulo linazungushwa taratibu.

Kulia? Kuomba musamaha? Hiyo nayo ni adabu. Akapita mbele ya Felistus aliyepiga magoti, akainua kikapu cha mwanamuke yule kilichojaa samaki, akajitwisha.

"Mvua haina meno," akasema. "Samaki wa nini?"

Olipa alishika kinywa. Fanwell aliacha kukunja wavu. Felistus alibaki magotini akimutazama, akamutazama, mpaka Rosaria akaona ataangusha kikapu.

"Na uyoga," akasema Felistus polepole, "uyoga una tumbo?"

"Lina nafasi kuliko lako!"

Ndiyo Felistus akaanguka mchangani kwa kicheko, mikono juu, anapiga miguu kama mutoto. "Fanwell! Fanwell we! Mupe huyu samaki wa mutumbwi wako wa pili, kila siku, kabla hajaoza hapa mbele yetu!"

Na Fanwell, ambaye hakuvua kofia tena mbele ya Rosaria mpaka kufa kwake, akapaza sauti: "Weye uyoga wa sumu, leta kikapu!"

Kikapu cha Felistus hakikurudi kamwe. Na Dorica alipokufa, miaka minne baada ya siku hizo, Felistus ndiye aliyeingia kaburini wa kwanza, akalala humo kupima, akapiga kelele kwamba ni fupi, uyoga huyu alikuwa na miguu mirefu, chimbeni tena enyi wavivu. Watu walicheka wakilia. Rosaria pia.

Basi, mukono unaniuma. Merci, asante yenu, siitaki. Weye uliyesoma mpaka hapa, simama, nenda ukamuulize mama yako ukoo wako, uandike kwenye karatasi, umupe dereva yeyote wa lori ya samaki, atanipata. Lakini kama weye ni Mvua, mutani wangu, usitume karatasi. Kuja mwenyewe, na beseni.