Ukuta Ulioliwa

Nilipokuwa mtoto kule Marui, ukuta wa jiko letu la udongo ulikuwa unaliwa. Kila asubuhi nilikuta shimo la karibu na mlango limeongezeka. Nilikuwa mtoto wa kuulizauliza, nikamuuliza bibi, mama yake baba, ni mnyama gani anakula ukuta.

Bibi aliacha kupepeta mchele, akapaza sauti kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Anayekula nyumba, nyumba nayo itamnywa damu."

Mama alikuwa uani anafua. Leo najua maneno yale hayakuwa yangu. Bibi aliona haya kumsema mkwewe usoni, akamsemea kwangu.

Nilijibanza nyuma ya kuni, nikitarajia kuona jini, au walau panya buku. Akaja mama na mimba yake. Alinyunyizia ukuta maji, akanusa, akamega kibonge na kukitafuna huku amefumba macho. Alipoondoka nikaonja. Ulikuwa udongo tu.

Tangu hapo nikawa namchunguza, na kweli alikuwa ananywewa. Viganja vilipauka. Akitoka kisimani alikaa chini njiani kuvuta pumzi. Siku moja akaanguka palepale jikoni, nami nikaamini kabisa kwamba mama yangu anakufa.

Tulipomfikisha zahanati, nesi alimvuta kope la chini akatazama, akampima, akasema damu iko chini sana. Sikungoja kuulizwa.

"Nyumba imeinywa. Mama anakula ukuta."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Nesi hakucheka. Alimweleza kwamba hamu ya udongo mara nyingi huja damu ikipungua, na udongo wenyewe huweza kuzidisha upungufu na kuleta minyoo. Kisha akauliza anakula nini. Ilikuwa ugali na mchicha, na chai ya rangi juu yake. Maini yakipatikana aliwekewa baba. Mayai bibi aliyapiga marufuku, eti mtoto atazaliwa kipara.

Tulirudi na vidonge vya kuongeza damu, na agizo kwamba mama ale maini na mayai. Kesho yake bibi alikanda udongo na kinyesi cha mbuzi, akaziba shimo. Jioni maini yakaenda kwenye bakuli la mama. Kwenye mayai tu hakulegea. Mdogo wangu alizaliwa salama, kipara kitupu, na bibi akashikilia kwamba kuna yai lililiwa kwa siri.

Sasa naishi Kibaha, kwenye nyumba ya matofali iliyopakwa rangi, nami ni mjamzito. Juzi mvua iliponyesha, harufu ya udongo ilinijaza mate. Sababu nilipewa na nesi, lakini hofu ilikuwa ya bibi, na ndiyo iliyoniamsha asubuhi kwenda kliniki. Damu ilikuwa imepungua kweli.

Nikampigia mama. Kabla sijamwambia majibu, akauliza:

"Mwanangu, umeshaanza kunusa kuta?"