Ukuta Nyuma ya Mlango Mpya

Gloriose hakuwa na subira na mtu aliyeacha pembe wazi. Ukimletea nyumba uliyoichora mwenyewe kwenye kompyuta, ukalalamika kwamba paa linakataa kukaa na sakafu haijai, hata hakuliangalia hilo paa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe za kuta, akaikuza picha mpaka pembe ikawa pana kama kiganja, ndipo akakuonyesha ufa.

"Unaona? Hazijashikana. Kwa macho yako zimeshikana, kwa programu huu ni uzio wa mbuzi. Kuta zisipofunga hakuna chumba, na pasipo chumba paa likae juu ya nini? Juu ya kichwa chako?"

Mtu akijitetea kwamba ufa ni mwembamba kama unywele, alimjibu kwamba mvua nayo ni nyembamba.

Kibanda chake kilikuwa Nkwenda, si mbali na mpaka wa Uganda, nyuma ya wanunuzi wa kahawa, kimegawanywa kwa pazia. Upande wake ilikaa kompyuta, upande wa pili vitenge na mabaibui ya Mwanamisi, mwanamke ambaye babu yake alitoka Pangani na ambaye hakuacha siku ipite bila kukukumbusha. Shule Gloriose aliimaliza darasa la saba, kwao Nyakasimbi, kisha akashona nguo miaka kumi na minane. Uchoraji ulimkuta hapo hapo kwenye cherehani. Mchoraji mmoja aliyepanga nyumba ya wageni ya jirani alikuwa akija kuchaji kompyuta kwake. Siku moja Gloriose akamchungulia begani, akamwambia hicho chumba hakiingii kitanda na mtu wa kukilalia. Yule bwana akabisha, akapima, akanyamaza. Kuanzia hapo alimfundisha, na alipohama akamwachia kompyuta kuukuu na programu yake ndani.

"Nyumba ni gauni," alizoea kuwaambia waliokuja kujifunza. "Kata kitambaa kwanza, urembo mwisho." Kuta, halafu milango, halafu madirisha. Masofa na mapazia yangoje, maana ndiyo yanayoifanya kompyuta iheme kama ng'ombe anayepanda kilima. Fundi anasema futi, mwenye nyumba anasema hatua, programu inataka mita. Uliza kabla ya kuandika. Na kila jioni hifadhi kazi kwa jina jipya, usiifunike ya jana, kwa sababu ya jana unaweza kuihitaji.

Siku moja ya gulio akaingia mzee wa Kibingo, kofia mkononi. Jina lake Gaspari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa unachora nyumba ambayo mtu anaingia ndani."

"Anaingia kwa macho, mzee, siyo kwa miguu. Usije ukaniletea godoro."

Mzee hakucheka. "Nataka mke wangu aingie," alisema.

Mkewe, Nyirabageni, alikuwa ameliwa na tumbo mwaka mzima, na sasa hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, basi. Matofali ya nyumba mpya yalikwisha kuchomwa. Mtoto wao mkubwa, Aimable, alipanga kuanza msingi mvua zikikatika.

"Mvua zikikatika ni mbali," Gaspari alisema. "Yeye hafiki huko."

Gloriose akafunga kibanda, akapanda pikipiki na futi yake ya kamba hadi Kibingo.

Nyumba ya wazee hao ilikuwa ya miti na udongo, na ilikuwa imesimama miaka arobaini na sita katikati ya kibanja cha ndizi. Mpya wangeijenga kama wengi wa huko wanavyojenga: matofali yanaizunguka ya zamani, wenyewe wakiendelea kuishi humo ndani, na paa likishapanda, ile ya udongo inabomolewa na kutolewa karai kwa karai kupitia mlango mpya. Kwa hiyo Gloriose alipima ya zamani kwanza, ukuta kwa ukuta, halafu akapigilia vigingi vya ile mpya pamoja na Aimable na kuvifunga kamba ya katani.

Nyirabageni alikuwa akiwasimamia kupitia dirishani, amelala.

"Chumba changu kiwe upande wa migomba," aliita. "Nikifumbua macho nizione ndizi zangu. Kibingo hii ukilala fofofo, unaamka mkungu umekwenda Uganda."

"Mama, utakuwa na dirisha au kituo cha polisi?" Gloriose akauliza.

"Vyote viwili, mwanangu. Nichoree vyote viwili."

Hicho chumba kikaangukia nje kabisa ya ukuta wa zamani, kwenye pembe ambako migomba mitatu ingelazimika kukatwa.

Huko Nkwenda Gloriose aliichora ya udongo kwenye tabaka lake peke yake, kama karatasi angavu inayolala chini ya nyingine, akaipaka rangi ya udongo, kisha akaizungushia ya matofali kwenye tabaka la pili. Pembe alizifunga moja moja. Mistari ya zamani ilipoanza kumchanganya macho, alilificha lile tabaka la chini. Likatoweka kwenye ramani, karatasi ikawa safi, naye akalisahau.

Siku ya nne alirudi Kibingo na kompyuta kwenye begi. Mgonjwa aliegemezwa kwenye mito, kompyuta ikawekwa juu ya kigoda mbele yake. Alikuwa amejitanda kanga mpya, kama mtu anayekwenda kupokelewa mahali.

"Kitufe hiki cha mshale, mama. Ukikibonyeza, unatembea."

Kidole chake kilikuwa kimekonda mpaka pete ilikuwa imefungwa kwa uzi. Akabonyeza. Nyumba ikasogea karibu: bati la buluu, baraza, nguzo mbili, mlango wa mbao. Gaspari alikuwa amesimama nyuma akitaja kila kitu kana kwamba yeye ndiye fundi.

"Mlango huo. Fungua, mama Aimable. Fungua, ni kwako."

Gloriose akamfungulia. Nyuma ya mlango palikuwa na ukuta wa udongo, karibu kabisa, umejaa kioo kizima. Mama akabonyeza mshale. Nyumba haikusogea. Akabonyeza tena.

"Huu ni ukuta wangu," alisema.

Akakigusa kioo kwa kidole.

"Nimeukandika kwa mikono yangu, nitausahau? Kumbe hata huko mbele umenitangulia."

"Mashine imekosea," Gaspari alisema.

"Haijakosea, mzee. Inanijua."

Masikio ya Gloriose yalikuwa ya moto. Alikwisha kuelewa. Kwenye ramani lile tabaka lilikuwa limefichwa, lakini kwenye kutembea lilikuwepo, zima, na kuta zake zote. Kilichofichwa hakijafutwa, alikuwa akiwaambia wengine jambo hilo kwa kelele, na lake mwenyewe hakulitazama. Akainamia kompyuta kulifuta, na kabla hajafika betri ikaisha, kioo kikawa cheusi. Sola ya pale ilitosha simu tu.

"Mama, nipe kesho na kesho kutwa. Kesho kutwa nitakuja, utaingia mpaka chumbani."

"Nitakungoja mlangoni," Nyirabageni alisema, akafumba macho.

Jioni ile ile, jua bado lipo, Gloriose aliufuta ukuta. Ilimchukua nusu saa. Akaingia mwenyewe kwa majaribio: baraza, sebule, ukumbi, chumba cha upande wa migomba. Njia ilikuwa nyeupe. Angeweza kwenda asubuhi yake.

Lakini asubuhi yake Mwanamisi alipofunua pazia alimkuta bado amekaa.

"Hujaenda?"

"Namwekea mapazia."

"Mgonjwa amekuomba mapazia?"

"Nilimpeleka akagonga pua kwenye udongo, Mwanamisi. Siwezi kumrudia na nyumba tupu kama ghala la kahawa."

"Si wewe unayewafokea watu hapa, urembo mwisho, urembo mwisho? Mwenzio anataka kupita mlangoni. Nenda na hiyo tupu."

"Uza baibui zako."

"Nauza. Na wewe nenda."

Hakwenda. Alitundika mapazia ya kijani, akaweka kitanda kinachotazama dirisha, chungu, kigoda, kikapu. Akapanda migomba nje, mmoja mmoja, kila mmoja na mkungu wake. Programu ikaanza kuhema. Mchana ikaganda, ikajifunga, ikaondoka na nusu ya kazi, na yeye akaanza upya migomba ile ile badala ya kuiacha. Siku aliyoahidi, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Akaongeza vikombe juu ya meza akingoja barabara ikauke.

Saa tisa simu ikaita. Alikuwa Aimable.

"Dada, usije na kompyuta. Njoo wewe."

Alipofika Kibingo watu walikwisha jaa uani, wanawake wamekaa kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa, hawasemi kwa sauti. Hakuwasalimu wote kama inavyopasa, kwa sababu alichokiona kilimsimamisha. Vigingi vyake vilikuwa bado vimepigiliwa, kamba ya katani imelowa. Ndani ya kamba, kwenye pembe ya upande wa migomba, wanaume wawili walikuwa wakichimba.

"Mzee amekataa kwingine kote," Aimable alimwambia. "Tumemwonyesha walipolala wazazi wake, kule chini. Amekataa."

Gaspari alikuwa ameketi kwenye kigoda kile kile kilichobeba kompyuta. Gloriose alipiga magoti mbele yake. Mdomo ambao Nkwenda nzima ilikuwa ikiuogopa ulitafuta neno na kupata moja tu.

"Nisamehe, mzee."

"Alikuwa na fahamu zake mpaka leo asubuhi," Gaspari alisema. "Kila pikipiki iliyopita barabarani, anasema huyo ni Gloriose. Hata kwenye mvua. Nikamwambia kwa mvua hii haji mtu, akasema, huyo mwanamke ana maneno mengi lakini atakuja."

Jembe liligonga jiwe. Waliokuwa wakichimba wakasimama, wakalitoa, wakaendelea.

"Nilikuambia nataka aingie," mzee alisema. "Sasa anaingia."

Matanga yalipoanuliwa, Aimable alishuka Nkwenda. Baba yake alikuwa ametaka nyumba ijengwe, kama ilivyochorwa, ila kile chumba alimolala mama kisiwe na ukuta upande wa migomba, na kisiezekwe. Gloriose alimvutia kiti. Akafungua faili. Kitanda alikiondoa kwanza, halafu mapazia, chungu, kikapu, vikombe, kimoja kimoja.

Kisha akaishika pembe, ile ya migomba, akaivuta. Kuta mbili zikaachana, akaufuta ule wa upande wa migomba. Sakafu ya chumba ikapotea papo hapo, paa la upande ule likachomoka, na ukisimama ukumbini ukawa unaiona migomba moja kwa moja. Programu ikaleta onyo lake: chumba hakijafungwa.

Aimable, aliyefokewa siku ya kupima kwa kamba isiyofunga pembe, alisogeza kichwa kwenye kioo.

"Dada, pembe haijashikana."

"Najua," Gloriose alisema.

Akalifunga lile onyo. Penye jina jipya aliandika Nyirabageni, akahifadhi, na mkono ukabaki juu ya kompyuta mpaka Aimable alipoinuka kuaga.