Uzi wa Baba kutoka Bukoba hadi Mwanza

Sisi tuliokulia Igogo, Mwanza, miaka ile ya tisini, ndege tulizihesabia angani tu, tukizipungia mikono huku uji ukitukaukia mdomoni. Kwenda Bukoba ilikuwa meli, au lori la kupigwa vumbi hadi nyusi zinabadilika rangi. Kumbe biashara ilipoachiwa huru, mjomba wetu wa Bukoba akaanza kununua kahawa, akachangamka kweli. Mama, aliyekuwa kwake muda mrefu akimuuguza bibi, akakatiwa tiketi ya ndege ndogo arudi nyumbani.

Bibi alikuwa amepona. Sisi tulitaka kitu kimoja tu: kumwona mama akishuka. Mama yetu, kwenye ndege!

Mjomba alipiga simu dukani kwa jirani, akasema ndege itaruka saa nne asubuhi. Baba akatwaa atlasi ya shule ya dada Nyamizi, aliyekuwa darasa la sita, pamoja na uzi wa kushonea. Baba alikuwa dereva wa lori, na barabara ya Bukoba aliijua shimo kwa shimo. Akaulaza uzi juu ya ramani taratibu, ukapinda Sengerema, ukapinda Geita, ukazunguka Biharamulo.

"Baba, ndege inakata moja kwa moja juu ya ziwa," dada akasema.

"Juu ya maji? Rubani akipotea huko, njia atamuuliza nani?"

Umbali ukagawanywa kwa mwendo wa ndege, jibu likatoka: itatua saa tano na nusu. Basi tukanywa chai bila haraka, tukavaa nguo za Krismasi, tukapanda pikapu ya kuazima.

Tulikuwa bado njiani, Kirumba, ndege ilipopita juu yetu, imeshusha magurudumu. Dada akamtazama baba. Baba akakanyaga mafuta. Kufika uwanjani tukavua viatu tukakimbia kando ya uzio, baba mbele, shati limechomoka.

Mlango wa ndege ulikuwa ndiyo kwanza unafunguliwa. Mama alitoka wa mwisho, maana aligoma kumwachia mtu kikapu chake cha senene, wale panzi watamu wa kukaanga. Akashuka kinyumenyume, kama anavyoshuka kwenye lori la baba. Nilifurahi hadi nikalia. Baba naye akajifuta macho, akasema, "Rubani huyu kapita njia ya panya."

Watoto wa siku hizi hawahitaji uzi. Wanachojua ni kutelezesha kidole, ukiwatuma chumvi wanauliza ramani. Juzi mama, sasa bibi kizee, alirudi tena kutoka Bukoba. Nilikuwa kazini, nikamwambia mwanangu ampokee. Akabaki kitandani akikifuata kindege kwenye ramani ya simu kilivyokuwa kinakata ziwa, kisha akanipigia: "Baba, bibi katua sasa hivi, nimemwitia teksi."

Hakukosea hata dakika. Ila hakuna aliyekimbia.