Filta Nne za Fundi Pazi

Mimi ni Mnyamwezi, Pazi ni Mzaramo, maana yake ni watani tangu enzi za mababu, na nikimsema hapa asinijie mtu na habari za kusengenya. Mtani hasengenywi, mtani anasemwa. Tumepakana ukuta hapa Tangini, Kibaha, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mimi nauza juisi na matunda ya kukata. Yeye ni fundi rangi, na si fundi wa brashi na ngazi, la hasha. Pazi ana mashine. Ile ya umeme ambayo pampu yake inanyonya rangi kwenye ndoo na kuisukuma kwa nguvu mpaka inatoka kwenye pua yake kama ukungu, na ukuta mzima unakwisha chai yako haijapoa. Ukimsikia akiielezea utadhani kaizaa yeye.

Sasa, mashine ile ina filta tatu. Moja iko mdomoni mwa mpira unaozama ndooni, ya pili kwenye pampu, na ya tatu, nyembamba kama kidole cha mtoto, iko ndani ya mkono wa kupulizia. Kazi yake ni ile ile ya chujio la chai, kuzuia makapi. Zikichoka unatupa, unaweka nyingine. Hata mimi muuza juisi nalijua hilo. Pazi hatupi. Pazi anaosha. Anazisugua kwa thina na brashi ya waya mpaka matundu ya wavu yanapanuka, halafu anasema zimefunguka vizuri. Ile ya mdomoni ilipochanika kabisa, alikata kipande cha chandarua akakifunga kwa mpira wa manati. Mbu hawaingii, hilo namkubalia.

Na msidhani hana filta mpya. Anazo nne, orijino, alizifuata mwenyewe Kariakoo miaka sita iliyopita. Ziko sebuleni, kwenye kabati la vioo, hazijatolewa kwenye nailoni. Mteja akija kuulizia kazi anakalishwa kwenye kochi ambalo nalo halijavuliwa nailoni, kisha anaonyeshwa. "Unaziona? Mafundi wengine hawana hizi." Mteja anatikisa kichwa kwa heshima, kesho yake anapuliziwa nyumba kwa chandarua. Ukimuuliza zile kamwekea nani, anakujibu, "Akiba haiozi, mtani." Mkono wa birika yule, na birika lenyewe limefungwa kwenye nailoni!

Mkewe Hamisa alikuwa rafiki yangu. Alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka huu Pazi akachoka kujipikia, akaanza kumwangalia Mwanajuma, mjane wa kijijini Marui anayeniletea mananasi kila Jumanne. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, kajenga nyumba ya vyumba vinne kwa mananasi hayo hayo. Pazi akaniomba niwe mshenga. Kwa desturi mshenga ni mwanamume mtu mzima mwenye kanzu yake, lakini huyo angetaka kulishwa, na mimi niko jirani. Nikakubali. Nilimwonea huruma, nisiwe mwongo. Mtu akikaa mno peke yake anaanza kuongea na mashine.

"Na habari za filta usisahau kumwambia," akanisisitiza.

Jamani! Nimesikia watu wakiposa kwa mashamba, kwa ng'ombe, kwa dini yao. Kuposa kwa filta ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Lakini ujumbe ni ujumbe, nikaufikisha. Mwanajuma akacheka mpaka nanasi likamponyoka mkononi, kisha akatulia.

"Nyumba yangu haijapakwa rangi," akasema. "Aje aipake. Maneno ya sebuleni nimeshayasikia kwa wengi, mwanamume nataka nimwone akiwa kazini. Akimaliza nitampa jibu."

Tukaenda Marui na gari la mananasi siku linaporudi tupu, kwa sababu dereva hatozi mtu. Mwanajuma alitupokea kwa chai na mihogo. Ndoo za rangi ya maziwa zilikuwa zimepangwa barazani, na majirani wamekuja na vigoda vyao kuitazama hiyo mashine ya mjini. Pazi alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kwapa. Akatoa hotuba fupi kuhusu mashine, akawasha.

Ukuta wa kwanza ulitoka vizuri, haki ya Mungu, laini kama maziwa yenyewe. Watu wakapiga makofi, na nikamwona Mwanajuma akitabasamu. Ukuta wa pili mashine ikaanza kukohoa. Ikatema bonge. Pazi akazima, akafungua, akazibua kwa pini, akawasha tena. Ikatema mabonge matatu, na moja lilikuwa na uzi wa chandarua ndani. Ilipofika adhuhuri ukuta wa barazani, ndio huo unaoonekana barabarani, ulikuwa kama uso wa mtu anayeugua tetekuwanga. Mzee mmoja akauliza kama huo ndio mtindo mpya wa Kibaha.

Mwanajuma hakupandisha sauti. "Fundi, kinachosumbua ni nini?"

"Filta tu. Zimechoka kidogo."

"Si unazo mpya nne? Dada Recho aliniambia."

"Ninazo! Orijino."

"Basi kazilete. Nyumba itakungoja."

Nikamwangalia yule mwanamke nikaelewa kwamba jibu la posa liko kwenye safari hiyo. Nikamwambia Pazi pembeni, "Mtani, nenda kafungue kabati. Usirudi hapa bila zile filta." Akaitikia vizuri tu. Akaondoka, mimi nikabaki kumsaidia Mwanajuma kumenya mihogo na kumsifia mtu wangu kadiri nilivyoweza.

Kesho yake saa nne asubuhi akarudi kwa bodaboda, kakumbatia mfuko kifuani. Akachutama mbele ya mashine, akatoa filta moja. Wavu wake ulikuwa na madoa ya rangi ya kijani.

"Hii ndiyo mpya?" Mwanajuma akauliza.

"Nimeazima kwa fundi mwenzangu, Lusajo. Bado nzima, itatufikisha."

"Na zile nne?"

"Zile nimeziweka, bibie. Zinasubiri kazi ya maana."

Hee! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mtu kasafiri njia yote ile, kasimama mbele ya kabati lake, kaziangalia filta, filta nazo zikamwangalia, halafu kafunga mlango akaenda kuazima! Na alivyolisema, alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anafungua kifuniko cha pampu. Wala hakujua alichokisema.

Mwanajuma akanishika mkono akanipeleka jikoni, nyuma ya nyumba.

"Dada Recho, wewe ni mshenga wake, lakini nakuuliza kama mwanamke mwenzangu. Marehemu mkewe aliishi naye vipi? Alikuwa anampiga?"

"Hajawahi kumwinulia mkono."

"Alikuwa anamnyima chakula?"

"Hapana."

"Basi niambie ni nini. Kipo kitu, nakiona usoni mwako."

Kazi ya mshenga ni kusifu. Ningeweza kusema Pazi ni mtu mwema, na nisingekuwa nimedanganya, maana si mtu mbaya. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Kabati lile lina sahani za maua," nikamwambia. "Hamisa alizinunua mwenyewe kwa zamu yake ya upatu. Pazi akasema hizo ni za wageni wa maana. Miaka yote niliyomjua, Hamisa alikula kwenye bakuli la plastiki lililopasuka ukingo. Zile sahani zilitoka siku moja tu, siku ya msiba wake, sahani za kukodi zilipopungua. Watu wakala wali humo, wakazisifia. Jioni Pazi akazihesabu, akazirudisha."

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua kama nimeibeba miaka minne. Hasira kwa Pazi, ndiyo, lakini na kwangu pia. Kila siku nilikuwa naingia mle ndani nikiliona lile bakuli, na nilichofanya ni kulitania. Hamisa alikuwa anacheka pamoja nami. Sasa nikawa simkumbuki vizuri alivyokuwa anacheka.

Mwanajuma akajifuta mikono kwenye kanga, akarudi barazani.

"Fundi, nakushukuru kwa kuja. Nyumba nitaimalizia kwa rola. Na ile habari yetu nyingine, uniwie radhi. Nina miaka arobaini na tisa. Sina muda wa kungojea niwe wa maana."

Pazi akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. "Ni kwa sababu ya mabonge haya? Haya yanatoka kwa msasa tu." Akaukunja mpira wa mashine polepole, akaifuta ile filta ya Lusajo, akairudisha mfukoni.

Siku ya tatu nikampelekea juisi nyumbani kwake, maana mtani akiumizwa unakwenda kumtazama. Nilimkuta anafuta vioo vya kabati. Macho yalikuwa mekundu, yule mtu alikuwa amelia, na nilijisikia vibaya kwa kuwa mimi ndiye niliyemharibia. Nikataka kumwambia. Kabla sijafungua mdomo akanigeukia, uso umemchangamka kidogo.

"Mtani, Mungu ana mipango yake. Hebu fikiria ningezifungua zile filta. Leo hii ningekuwa sina mke, na filta sina."

Nikaiweka juisi mezani. "Pazi," nikamwambia, "sahani angalau zilipata siku ya msiba. Hizi filta, siku yako, tutazitoa tuzifanyie nini? Humu hamliwi wali."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nyie Wanyamwezi mna maneno!" akasema, akageuka kumalizia kioo cha pili.