Alama ya Tandiko

Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi asubuhi, mimi hujiuliza ameniharibia nini. Kazi ya farasi ndiyo imenifanya hivi.

Nilipoanza, nilikuwa na farasi mmoja tu wa kufundisha, jike mwekundu wa mzee mwenye malori ya miwa kule Muhoroni. Alimweka karibu na ziwa, nje kidogo ya Kisumu, na aliniambia waziwazi: akishindwa mbio za Nairobi, nitafute kazi nyingine.

Mimi siamini kumkimbiza farasi mchanga kila siku. Mguu hujengwa polepole. Kwa hiyo nilikuwa namtembeza majini bila tandiko, maji yakimfika magotini, na watu wanacheka: "Yawa! Huyu anaosha farasi kama gari!" Wacheke. Kila asubuhi, kabla ya yote, nilipitisha mgongo wa kiganja kwenye kano za miguu ya mbele. Zikiwa baridi, sawa. Zikiwa moto, kuna shida.

Asubuhi moja nikazikuta moto. Kisha nikaona mgongoni chumvi ya jasho lililokauka, imechora umbo la tandiko. Na mimi sikuwa nimemtandika wiki nzima!

Nikamshuku mlinzi wa usiku, aliyeshika ufunguo wa zizi. Nani mwingine? Salamu zake zilikuwa tamu mno.

"Mimi? Huyo mnyama hata kumkaribia naogopa," akaapa.

Sikumwamini hata kidogo. Kesho yake nikafika kabla hakujapambazuka, nikajibanza nyuma ya stoo ya nyasi.

Aliyefungua mlango wa zizi alikuwa mzee mwenyewe, simu mkononi tayari kupima muda. Nyuma yake, mpandaji wa kukodi amebeba tandiko. Nikaruka nje.

"Mzee, kumbe ni wewe!"

"Nilitaka kuona kama kweli anakimbia," akasema, "ama unacheza na maji tu."

Hasira zilinipanda. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye kano ya mguu wa farasi. Akautoa haraka.

"Mbona anachoma hivi?"

"Ni hizo mbio zako. Ukimpeleka Nairobi hivi, ataumia asipone. Chagua, Mzee: mimi ama simu yako."

Akamwambia mpandaji aende nyumbani.

"Nairobi tuache kwanza," akasema, akinipa kamba ya farasi. "Mpeleke majini."

Nikaipokea. Mchana huohuo nikaenda soko la Kibuye, nikanunua kufuli mpya ya zizi. Ufunguo mmoja nikabaki nao, mwingine nikampa mlinzi. Mzee hana mpaka leo.